Gofu kwa Mtu wa Njia Panda ya Msata

Abiria wengi wanaijua Msata kama mahali basi linapopunguza mwendo, watu wakanunua maji na karanga, safari ikaendelea. Kwa mcheza gofu njia panda hii ni ya kukaa na kufikiri. Barabara ya mashariki inapita Kiwangwa hadi Bagamoyo, na kutoka hapo inakushusha kwenye viwanja vya gofu vya Lugalo na Gymkhana ya Dar es Salaam. Ya kusini inakwenda Chalinze, na ukikata kulia hapo unaelekea Morogoro. Ya kaskazini inavuka mto Wami hadi Segera, inapogawanyika tena: mkono mmoja Moshi na Arusha, mwingine Tanga, Horohoro na hatimaye Mombasa. Karibu viwanja vyote vinavyofaa kuchezwa na mtu wa pwani hii unaweza kuvifikia kwa gari ukianzia hapo.

Bagamoyo yenyewe ina sifa zote za mji wa kale wa bahari: magofu ya Kaole, misheni ya mwaka 1868, ngome, boma la Mjerumani, majahazi na mnada wa samaki. Lakini si mji wa gofu, na ukitazama historia huwezi kushangaa. Gofu ya enzi za ukoloni ilikwenda zilikokwenda ofisi, benki na reli. Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, na Waingereza walipouteka mji huo mwaka 1916 hawakuwa na sababu ya kurudi kuishi Bagamoyo. Kwa hiyo usije Bagamoyo kutafuta grini. Njoo ulale, ule samaki, na alfajiri uondoke na mfuko wako.

Nitasema msimamo wangu mapema ili tusipotezeane muda: uwanja usiuchague kwa jina lake wala kwa picha za hoteli. Chagua kwa upepo wa msimu huo na kwa watu utakaocheza nao. Na kama hujawahi kucheza pwani, anza Lugalo, kisha ndipo ufikirie Mombasa.

Kabla ya kufunga mfuko

Sheria inakuruhusu kubeba fimbo 14, wala hakuna anayekulazimisha kuzifikisha. Anayeanza anatosheka na sita: draiva moja, fimbo za chuma namba 5, 7 na 9, moja ya kutolea mpira mchangani, na ile ya kusukumia mpira kwenye grini, yaani nyasi fupi zenye shimo. Usinunue seti mpya. Kila klabu ina wanachama waliobadilisha fimbo mwaka jana na wangependa kuuza za zamani, na makedi, wanaowabebea wachezaji mifuko, ndio wanaojua nani anauza nini. Ukizishika, kagua ngozi ya mshikio kwanza. Joto na jasho la pwani huifanya iteleze, na fimbo inayoteleza mkononi itakuharibia mkono kabla haijakuharibia mchezo.

Mipira nunua iliyotumika, mingi. Utaipoteza.

Mavazi ya gofu hayahitaji fahari, ila yana masharti: fulana yenye kola, suruali ya kitambaa au kaptula ya heshima inayofika karibu na goti, na viatu vyenye vijino vya plastiki au raba zisizokata nyasi. Jinzi ziache nyumbani. Dada anayevaa hijabu anacheza na hijabu yake bila tatizo, na kitambaa chepesi cha mikono mirefu ni kinga nzuri ya jua kuliko mafuta ya chupa. Kofia si hiari. Maji beba lita mbili, si moja.

Kama hujawahi kupiga mpira hata mmoja, usiende moja kwa moja uwanjani. Lipia mafunzo kwenye uwanja wa mazoezi kwanza, upige hadi mpira uwe unanyanyuka mara nyingi kuliko unavyobingirika. Ukishajiunga na klabu utaanza kutafuta handikapu, hesabu ya mikwaju unayopunguziwa ili uweze kushindana na mtu aliyekuzidi. Chini ya mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020, unawasilisha kadi za jumla ya mashimo 54, yaani raundi tatu kamili au sita za mashimo 9, zikiwa zimetiwa saini na uliyecheza naye. Handikapu ya juu kabisa ni 54, kwa wanaume na wanawake sawasawa. Anayeanza na 54 hana aibu yoyote. Aibu ni kuandika mikwaju 5 pale ulipopiga 7.

Saa na misimu

Gofu ya pwani ni ya asubuhi. Mashimo 18 yanachukua saa nne na zaidi kidogo kwa watu wanne wanaotembea. Ukipiga mpira wa kwanza saa 1 asubuhi, saa 5 na nusu umekaa kivulini. Ukianza saa 4, mashimo sita ya mwisho utayacheza ukiwa unatafuta mti badala ya bendera. Wanaofunga Ramadhani hucheza mashimo 9 tu, mapema baada ya sala ya alfajiri, au jioni wakimaliza kabla ya futari. Saa 7 mchana waachie kunguru.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ardhi huwa laini na mpira unaoanguka kutoka juu huzama ulipoangukia. Jua haki yako: mpira uliozama kwenye tundu lake wenyewe, nje ya mchanga na nje ya maeneo ya adhabu, unaruhusiwa kuutoa na kuudondosha pembeni bure, hata kama uko kwenye nyasi ndefu. Watu wengi hawalijui hili na wanapigana na tope. Kiangazi mambo hugeuka. Kuanzia Juni ardhi inakauka, mpira unadunda na kukimbia, na uliyezoea kupiga mita 180 unajikuta umefika 200 na kupitiliza. Usijisifu, sifa ni ya ardhi.

Halafu kuna upepo, na hapa mtu wa pwani ana faida ambayo mgeni wa bara hana, maana tumelelewa na kusi na kaskazi. Kusi inatawala kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, kaskazi Desemba hadi Machi, na katikati kuna wiki za upepo usio na msimamo. Ukitazama bahari katika pwani yetu hii, kusi inakujia kutoka mkono wa kulia na kaskazi kutoka mkono wa kushoto. Kabla ya kupiga mkwaju wa kwanza tafuta bahari iko wapi, hata kama huioni, na utakuwa umeshajua nusu ya uwanja. Alfajiri upepo wa nchi kavu ni mdogo na nyasi zina umande, hivyo mpira kwenye grini unakwenda polepole. Kuanzia saa 4 upepo wa baharini unaamka. Shimo ulilolipiga kwa fimbo namba 8 asubuhi, mchana huenda likadai namba 6.

Upepo ukikupiga usoni, usiongeze nguvu. Hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa vijana wenye misuli. Ukipiga kwa nguvu mpira unazunguka zaidi, unapaa, na upepo unaurudisha. Chukua fimbo kubwa zaidi kwa namba moja au mbili, shika chini kidogo ya kawaida, weka mpira nyuma kidogo ya katikati ya miguu, na upige kwa utulivu ili uende chini chini. Upepo ukiwa wa pembeni, lenga upande unakotoka na uuache ukurudishie mpira.

Aina ya mashindano nayo ina maana katika upepo. Mwombe mwenzako mcheze kwa pointi za Stableford badala ya kuhesabu mikwaju yote. Daktari Frank Stableford alibuni mfumo huu, na ulitumika kwa mara ya kwanza katika mashindano kwenye uwanja wa Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Wallasey nao ni wa kando ya bahari, na wachezaji walikuwa wakikata tamaa mapema kila upepo ulipowaharibia mashimo mawili ya mwanzo. Hesabu yake ni rahisi. Baada ya kuondoa handikapu yako, ukifikia idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwenye shimo unapata pointi 2, ukizidisha mmoja unapata 1, ukipunguza mmoja unapata 3. Ukizidisha miwili ni sifuri: okota mpira wako, nenda shimo linalofuata, hakuna aliyekufa.

Mashariki: Kiwangwa, Bagamoyo, Lugalo

Barabara ya Msata hadi Bagamoyo ni kilomita 64 za lami. Kiwangwa utakuta mananasi yamepangwa kando ya barabara. Nunua wakati wa kurudi, si wa kwenda, la sivyo gari litanukia nanasi siku nzima na siafu watakufuata hadi maegeshoni. Ukivuka Ruvu wakati wa mvua kubwa, uliza hali ya bonde kabla hujaondoka nyumbani, maana mto huo una tabia ya kupanda.

Unaweza kutoka Msata alfajiri na kucheza Lugalo siku hiyohiyo, ila sikushauri. Lala Bagamoyo. Kutoka hapo hadi Lugalo ni takriban kilomita 50: Kiromo, Zinga, Kerege, Mapinga, Bunju, Boko, Tegeta, Mbezi. Hesabu saa moja na nusu, na ukipita Tegeta baada ya saa 12 na nusu asubuhi siku ya kazi, hesabu upya. Jumamosi foleni ni nafuu lakini uwanja umejaa. Siku nzuri ni Jumanne hadi Alhamisi, kama kazi yako inakuruhusu.

Lugalo ni uwanja wa mashimo 18 ulio ndani ya eneo la Jeshi la Wananchi, na raia wanacheza na wengine ni wanachama. Kwa sababu ni kambi, mambo matatu yafuate bila ubishi. Piga simu kabla na utaje jina la unayekwenda kucheza naye. Beba kitambulisho. Na simu yako isipige picha ya geti, jengo wala gari la jeshi; picha za mkwaju wako piga ukiwa katikati ya uwanja. Getini salimia vizuri: "Shikamoo, afande," au "Habari za kazi, afande," kulingana na umri wake. Mtu aliyefika na kiburi cha mjini atasubiri kwenye jua.

Jina la Lugalo lina historia ya kumfaa mtu wa Bagamoyo. Mwaka uleule wa 1891 Wajerumani walipohamia Dar es Salaam, tarehe 17 Agosti, Wahehe wa Chifu Mkwawa waliwavamia mahali paitwapo Lugalo, karibu na Iringa, wakakiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski, ambaye Waswahili walimpachika jina la Nyundo. Kambi yenyewe zamani iliitwa Colito, na ndiko maasi ya wanajeshi yalikoanzia Januari 1964. Leo watu wanapishana hapo wakibishana kama mpira uliingia kichakani au haukuingia.

Kwa nini naipendekeza Lugalo kwa anayeanza? Kwanza, utamkuta kila aina ya mtu: afisa wa jeshi, mfanyabiashara, mstaafu, kijana wa mtaani aliyekulia kwenye mifuko ya watu, mama aliyeanza juzi. Pili, mashindano ni mengi, likiwemo lile la Kombe la Mkuu wa Majeshi, kwa hiyo unaweza kwenda kutazama kwanza bila kupiga hata mpira mmoja na ukajifunza. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, makedi wake.

Kedi usimchukulie kama mchukuzi. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Tanzania walianza kwa kubeba mifuko, na huenda anayekubebea leo anakuzidi mikwaju kumi. Mwambie ukweli shimo la kwanza: "Kaka, mimi ni mgeni hapa na napiga mita 150 kwa fimbo namba 7." Ukimdanganya umbali wako atakupa fimbo isiyofaa siku nzima na lawama itakuwa yako. Kama ni mtu mzima, mwite mwalimu au mzee, na mwulize badala ya kumwamuru. Kwenye grini mwache akusomee. Nyasi za ukanda huu wa joto hulalia upande. Ukisimama nyuma ya mpira na kuziona zinang'aa, zimelalia kule unakopiga, na mpira utakimbia. Zikionekana zimeiva rangi, zimekugeukia, sukuma kwa nguvu zaidi. Kedi wa pale hahitaji kutazama rangi. Anajua kila grini kama anavyojua mlango wa nyumbani kwao. Malipo yake kubalianeni kabla, na ni tofauti na ada unayolipa klabu. Chakula cha mchana si sehemu ya malipo, ni utu.

Sasa kunguru. Hawa weusi wenye shingo za kijivu waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wasafishe taka za mji, na tangu hapo wametawala pwani nzima. Kunguru akitua kwenye feawei, ile njia ya nyasi fupi kuelekea grini, na kuondoka na mpira wako, usipige kelele. Kama wote mmeona, au mna uhakika kwamba ndivyo ilivyokuwa, weka mpira mwingine palepale, bila adhabu. Ila kama hakuna aliyeona na mnadhani tu ni kunguru, mpira umepotea: una dakika tatu za kuutafuta, kisha unarudi ulikopigia na adhabu ya mkwaju mmoja. Wacheza gofu wa pwani wamejifunza kumsingizia kunguru mambo mengi.

Gymkhana ya Dar es Salaam

Ukiendelea kutoka Lugalo, kupita Mwenge hadi mjini, unafika Gymkhana, mashimo 18 katikati ya jiji na hatua chache kutoka baharini, jirani na hospitali ya Ocean Road, upande wa barabara iliyopewa jina la Barack Obama mwaka 2013. Hapa kuna ukongwe wa mji wa bahari ambao Bagamoyo haikuupata kwenye gofu. Ardhi ni tambarare, na mtu anayetazama kwa mbali anaweza kudhani ni uwanja rahisi. Upepo ndio unaoulinda. Kwa kuwa bahari iko karibu sana, kusi ya Julai inafika ikiwa haijakutana na kizuizi, na mpira uliopaa juu kupita miti unaweza kuhama uelekeo mbele ya macho yako.

Gymkhana ni klabu ya wanachama yenye michezo mingi, si gofu peke yake. Mgeni anapokelewa vizuri zaidi akija na mwanachama, au akiwa ameomba nafasi mapema na barua ya klabu yake. Kama rafiki wa Lugalo ana rafiki Gymkhana, tumia njia hiyo. Tena angalia sana barabara na watu wanaopita kando. Kila unapohisi mpira umekwenda vibaya, piga kelele ya onyo mara moja, "foo!", hata kama unaona aibu. Uwanja wa katikati ya jiji una majirani.

Kwenye uwanja wowote, ila hasa hapa, adabu ndiyo itakayokufanya ualikwe tena. Jaza mchanga kwenye kipande cha nyasi ulichong'oa. Lainisha mchanga wa banka kwa reki ukitoka. Ziba tundu la mpira wako kwenye grini, na la mwingine pia. Usitembee juu ya mstari wa mpira wa mwenzako. Kundi la nyuma likiwa na kasi, lipishe. Simu zima. Kama unasubiri habari ya msiba au mgonjwa, waambie wenzako mapema, wataelewa.

Familia usiiburuze uwanjani. Waache Bagamoyo: asubuhi Kaole kutazama msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, mchana makumbusho ya misheni, ulikopita mwili wa Livingstone mwaka 1874 ukielekea Uingereza, jioni ufukweni. Ukirudi saa 9 alasiri na hadithi ndefu ya shimo la 14, watakuwa na za kwao.

Kwa boti: Unguja

Kutoka Dar es Salaam unaweza kuvuka na fimbo hadi Unguja. Hoteli ya Sea Cliff, kaskazini mwa Mji Mkongwe upande wa Mangapwani, ina uwanja wa mashimo 9. Ni wa mapumziko zaidi kuliko wa mashindano, na kwa asiye mgeni wa hoteli ni lazima kuomba nafasi kabla. Mfuko ufungie kwenye mfuko mwingine mgumu na fimbo uzifunge pamoja kwa taulo ili vichwa visigongane botini. Kwenda kwa ajili ya gofu peke yake sikuoni sababu. Ukiwa na harusi au shughuli kisiwani, beba.

Kusini: Morogoro

Ukitokea Msata ukapita Lugoba hadi Chalinze, Morogoro ni mwendo wa kawaida. Gymkhana ya Morogoro ina mashimo 9 chini ya milima ya Uluguru, na hewa yake ni ahueni kwa anayekimbia joto la Februari. Upepo wa bahari hakuna, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujua umbali halisi wa fimbo zako: ule unaoupata Morogoro bila msaada wa kusi ndio wako. Cheza mizunguko miwili upate 18.

Kaskazini: Segera, kisha uchague

Zamani Wami ilikuwa mahali pa kusoma dua, daraja jembamba na mteremko mkali. Daraja jipya limeondoa hofu hiyo. Segera ukinyoosha kushoto, utapita Korogwe na Same hadi Moshi, yenye klabu ya mashimo 9, kisha Kiligolf karibu na Usa River, mashimo 18 yaliyosanifiwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini, na mwisho Arusha Gymkhana yenye 9, klabu ya Madina Iddi, ambaye jina lake limekuwa la kawaida kwenye orodha za washindi wa wanawake Afrika Mashariki. Huko ni mwinuko mkubwa na hewa nyepesi: mpira unakwenda mbali kuliko pwani, na fimbo zako zote zinahitaji hesabu mpya. Ni safari ya kulala njiani, na inastahili makala yake.

Mimi ningekata kulia. Tanga, Horohoro, Lungalunga, Ukunda, Likoni: kama unatafuta mji wa kale wa bahari uliokua na gofu, ni Mombasa. Andaa pasipoti au hati ya dharura ya safari, bima ya gari inayotambulika Kenya, na kibali cha muda cha gari utakachopewa mpakani. Vuka mapema, usifike Lungalunga jioni.

Diani utapita Leisure Lodge, mashimo 18 kati ya mibuyu. Kama una siku tatu tu, usisimame, nenda Likoni. Ukivuka feri, au ukizunguka kwa barabara ya Dongo Kundu ikiwa hutaki foleni ya feri, klabu ya Mombasa iko kando ya barabara ya Mama Ngina. Ilianzishwa mwaka 1911 na ina mashimo 9 juu ya majabali ya matumbawe, mlangoni mwa bandari ya Kilindini. Meli za mizigo zinapita karibu mno na wachezaji, na mgeni akiona ukuta wa makontena unatembea nyuma ya bendera husahau mkwaju wake. Subiri meli ipite. Si adabu tu. Jicho linalotazama kitu kinachotembea haliwezi kulenga kilichosimama.

Mpira ukienda baharini usiufuate. Majabali yale yanateleza na mawimbi hayana ratiba. Tazama vigingi: vikiwa vyekundu ni eneo la adhabu, unalipa mkwaju mmoja na kudondosha mpira ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale ulipovuka mpaka, bila kulikaribia shimo; vikiwa vyeupe ni nje ya uwanja, unarudi ulikopigia na adhabu ya mkwaju mmoja. Wakati wa kusi, kwenye mashimo yanayopakana na jabali, lenga upande wa nchi kavu zaidi ya unavyodhani inatosha, kisha ongeza kidogo. Utadhani unapoteza umbali, ila utabaki na mpira. Mzunguko wa pili wa mashimo 9 yaleyale utakuta upepo umeshabadilika na uwanja umekuwa mwingine, kwa hiyo usione kuwa umelipia kitu kimoja mara mbili.

Siku ya pili vuka daraja la Nyali. Klabu ya Nyali ni ya mwaka 1956, mashimo 18, yenye miti mikubwa na kivuli, na upepo wake umevunjwa na majengo. Baada ya majabali ya kisiwani utaiona kama mapumziko. Siku ya tatu, kama mfuko unaruhusu, endelea kaskazini hadi Vipingo. Uwanja wa Baobab nao ni wa David Jones, umejengwa juu ya kilima kinachotazama bahari, na mwaka 2019 ulipokea mashindano ya wanawake ya ziara ya Ulaya, aliyoshinda Mjerumani Esther Henseleit. Ni ghali kuliko vingine vyote nilivyovitaja na mara nyingi unatakiwa kuomba nafasi siku kadhaa mbele. Cheza hapa ukishapata handikapu, si kabla. Asiye nayo atatumia siku nzima na pesa nyingi akitafuta mipira kwenye vichaka vya mibuyu.

Kila klabu utakayopita omba kadi yako itiwe saini na katibu au mwenzako, na uandike kama upepo ulikuwa mkali. Ukirudi, ziwasilishe kwa katibu wa klabu yako ndani ya wiki hiyo, zikiwemo zile mbaya. Hasa zile mbaya, maana handikapu iliyotengenezwa kwa kadi nzuri pekee itakuumbua kwenye mashindano ya kwanza ya Lugalo.